Albamu ya Wadaiwa: Queen na A Night at the Opera

Mwezi Aprili 1975 ndege iliyowabeba vijana wanne wa London ilitua uwanja wa Haneda, Tokyo. Maelfu ya mashabiki, wengi wao wasichana, walikuwa wamefurika kuwapokea, na walinzi wakazidiwa. Usiku wa onyesho la kwanza, katika ukumbi wa Budokan, msukumano ulifika mahali mwimbaji akalazimika kusimamisha muziki na kuwaomba watu watulie wasije wakaumizana. Bendi yenyewe ilikuwa Queen. Miezi michache kabla ya hapo wimbo wao Killer Queen ulikuwa umeshika nafasi ya pili katika chati ya Uingereza, na albamu yao ya tatu, Sheer Heart Attack, ilikuwa inauzwa vizuri Ulaya na Marekani.

Walirudi London hawana kitu. Brian May, mpiga gitaa, alikuwa akiishi katika chumba kimoja cha kupanga. John Deacon, mpiga besi, alikuwa ameoa mwezi Januari na mtoto wa kwanza yuko njiani. Aliomba kampuni impe pauni 4,000 atangulize malipo ya nyumba, akanyimwa. Freddie Mercury, mwimbaji, aliomba piano, naye akanyimwa. Roger Taylor, mpiga dramu, aliambiwa asizichape ngoma kwa nguvu mno, maana fedha za kununulia fimbo nyingine hazipo. Kila mmoja alikuwa akipokea pauni 60 kwa wiki, na hizo ni baada ya kuongezwa. Walianza na 20.

Ukitaka kuielewa albamu ya A Night at the Opera, iliyotoka Novemba mwaka huohuo, anzia hapo, kwenye mkataba. Wengi huanzia kwenye Bohemian Rhapsody na kuishia hukohuko, kana kwamba wimbo ule ulishuka kutoka mbinguni. Mimi naiona albamu nzima kuwa kazi ya watu waliodaiwa, wenye hasira, waliokubaliana kwamba kama ni kuzama, basi wazame wakiwa wamefanya kila walichokitamani.

Mkataba huo walikuwa wameutia sahihi mwaka 1972 na kampuni ya Trident, mali ya ndugu wawili, Norman na Barry Sheffield. Trident walikuwa na studio ya kisasa katika mtaa wa Soho; humo Beatles walirekodi Hey Jude, na David Bowie akarekodi baadhi ya kazi zake kubwa. Kwa vijana wasio na jina, mlango huo ulikuwa bahati. Lakini kampuni ileile ndiyo iliyokuwa meneja wao, mwenye studio yao, na mchapishaji wa nyimbo zao. Yenyewe ndiyo iliyolipia kurekodi, kisha ikaiuzia kazi kampuni ya EMI. Fedha za EMI zilipita kwanza mikononi mwa Trident, gharama zikakatwa, na kilichobaki ndicho kilichowafikia wenye muziki. Hata muda wa studio walipewa wa makombo: waliingia usiku wa manane, wateja wanaolipa wakishaondoka.

Ni haki kusema kwamba akina Sheffield nao walikuwa na hesabu zao. Waliwanunulia vijana hao vyombo, taa na mavazi wakati hakuna mtu mwingine aliyethubutu kuwawekea senti, na mapato ya santuri huchelewa miezi mingi kumfikia mwenye haki. Norman Sheffield aliandika kitabu mwaka 2013 kujitetea. Hata hivyo mkataba unaompa mtu mmoja viti vitatu mezani ni mkataba mbaya, na mwanamuziki yeyote kijana anayesoma habari hii angefaa aukumbuke siku anayopewa kalamu.

Hawa wanne hawakuwa watu wa kubabaishwa kwa urahisi, kwani wote walikuwa wamesoma. May alikuwa mwanafunzi wa fizikia ya anga katika chuo cha Imperial, aliyeiacha shahada yake ya uzamivu njiani. Aliikamilisha mwaka 2007. Taylor alianza udaktari wa meno, akahamia biolojia. Deacon alikuwa na digrii ya elektroniki kutoka Chelsea.

Mercury ndiye mwenye safari ndefu. Alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat, wafuasi wa dini ya Zoroasta, na baba yake alikuwa mshika fedha wa Mahakama Kuu chini ya serikali ya Waingereza. Alipofika miaka minane alipelekwa shule ya bweni ya St Peter's, Panchgani, milimani nje ya Bombay. Huko ndiko alikojifunza piano, huko akaanza kuitwa Freddie, na huko akapiga katika bendi yake ya kwanza ya shuleni, The Hectics. Alirudi Unguja mwaka 1963. Mapinduzi ya Januari 1964 yalimkuta ana miaka 17. Familia ikaondoka na kuhamia Feltham, kitongoji cha London karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Kijana akaingia Chuo cha Sanaa cha Ealing kusomea usanifu wa michoro, na mwaka 1970 akajiunga na May na Taylor. Jina la Queen alilichagua yeye. Nembo ya bendi aliichora yeye pia, kwa kufuata nyota zao za kuzaliwa: simba wawili wa Deacon na Taylor, kaa wa May, na mabikira wawili wenye mabawa kwa ajili yake mwenyewe. Nembo hiyo, juu ya karatasi nyeupe tupu, ndiyo iliyokuja kuwa jalada la albamu tunayoizungumzia.

Mwanasheria Jim Beach alishughulika kwa miezi kadhaa kuwatoa Trident. Agosti 1975 wakaachana. Bei ya uhuru ilikuwa pauni 100,000, pamoja na asilimia moja ya mapato ya albamu sita zitakazofuata. Queen hawakuwa na pauni 100,000. Zilitoka kwenye mkopo uliowekwa juu ya mapato yao yajayo. Ziara ya Marekani iliyokuwa imepangwa ikafutwa. Walimpata meneja mpya, John Reid, aliyekuwa akimsimamia Elton John, naye akawapa maagizo mafupi: mambo ya fedha niachieni mimi, ninyi nendeni mkatengeneze albamu bora kuliko zote mlizowahi kutengeneza.

Mwishoni mwa Agosti walifika Rockfield, karibu na mji wa Monmouth, Wales. Hilo ni shamba la ng'ombe ambalo ndugu wawili wa ukoo wa Ward walikuwa wameligeuza studio, pengine ya kwanza duniani kuwapa wanamuziki malazi hapohapo wanaporekodi. Mtayarishaji alikuwa Roy Thomas Baker, aliyekuwa nao tangu mwanzo, na fundi wa sauti alikuwa Mike Stone. Kutoka Rockfield walihamia studio nyingine za London, Sarm, Scorpio, Roundhouse na kwingineko, wakati mwingine studio mbili au tatu kwa siku moja, huyu akiimba huku, yule akipiga gitaa kule. Gharama ilitajwa kuwa kama pauni 40,000, na wakati ule ilisemwa kwamba hakuna albamu ya roki iliyowahi kula fedha nyingi kiasi hicho Uingereza. Walizitumia fedha hizo huku wakijua kwamba albamu isipouzwa, bendi imekwisha.

Zilikwenda wapi? Zilikwenda kwenye muda. Albamu za Queen za miaka ile zilikuwa na tangazo jaladani kwamba hakuna sinthesaiza iliyotumika. Kila mlio unaousikia umetoka kwenye koo la mtu, kwenye uzi, kwenye ngozi ya ngoma au kwenye kitufe cha piano. Walipotaka mlio wa chombo wasichokuwa nacho, walitafuta namna ya kuutoa kwa vile walivyonavyo, na hapo ndipo utamu wa habari hii ulipo.

Chukua wimbo wa May uitwao Good Company. Ndani yake unasikia bendi nzima ya jazi ya miaka ya 1920: tarumbeta, klarineti, tromboni, zikiitikiana na kutaniana. Hakuna hata chombo kimoja cha kupulizwa humo. Zote ni gitaa la May. Gitaa lenyewe alilitengeneza na baba yake nyumbani, kuanzia mwaka 1963, shingo yake ikichongwa kutoka kwenye ubao wa zamani wa juu ya tanuri la kuotea moto, na springi zake zikitoka kwenye pikipiki. Kwa milio hii ya jazi alilichomeka kwenye amplifaya ndogo ambayo Deacon aliiunda kwa kipande cha mitambo alichokiokota kwenye pipa la takataka. Kisha akapiga noti moja moja, kila "chombo" peke yake, akisimamisha na kurudia, hadi bendi isiyokuwepo ikapatikana. Mhandisi wa elektroniki na mwanafizikia, na pipa la taka. Sijui albamu nyingine ya mauzo makubwa kiasi hiki ambayo mkono wa mtu unaonekana wazi namna hii.

Katika Seaside Rendezvous, Mercury na Taylor waliigiza vyombo vya kupulizwa kwa midomo yao, na mlio wa viatu vya dansi ni wa vidole vyao vilivyovishwa subana za mshonaji, wakigonga juu ya meza ya mitambo. Katika Lazing on a Sunday Afternoon walitaka sauti inayotoka kama kwenye kipaza sauti cha zamani, basi wakaipeleka sauti ya Mercury kwenye spika za masikioni, wakazitumbukiza ndani ya ndoo ya bati, na maikrofoni ikaiokota humo ndooni. Kwenye Love of My Life kuna kinubi. May hakuwa mpiga kinubi, na nyuzi zilikuwa zinalegea kila mtu alipofungua mlango. Akazipiga kodi moja moja, akikaza nyuzi kila mara, mpaka vipande vikaunganishwa kuwa wimbo. Na kwenye The Prophet's Song, wimbo mrefu kuliko yote humo, wa dakika nane na zaidi, unaotokana na ndoto ya gharika aliyoiota May alipokuwa mgonjwa, mlio wa ajabu wa nyuzi unaousikia ni wa koto, kinanda cha Kijapani cha kuchezea, zawadi aliyopewa katika ile safari ya Tokyo. Katikati ya wimbo huo ala zote zinanyamaza, na sauti ya Mercury inarudiarudia yenyewe kwa kucheleweshwa na mitambo, anaimba pamoja na mwangwi wake mara mbili, mara tatu, kama kwaya ya mtu mmoja. Nauweka wimbo huu juu ya mwenzake mashuhuri, na najua wengi watanipinga.

Deacon alikuwa mkimya kuliko wote na aliandika nyimbo chache. Hapa alileta mmoja, You're My Best Friend, aliomwandikia mkewe Veronica. Alitaka upigwe kwa piano ya umeme. Mercury hakuupenda mlio wake na akakataa kukigusa chombo hicho, basi Deacon akakipeleka nyumbani, akajifunza mwenyewe, akaupiga. Ulikuja kuwa wimbo wa pili kutolewa peke yake kutoka albamu hii, ukafika nafasi ya saba Uingereza mwaka 1976 na kuingia ishirini bora za Marekani. May naye alileta '39, wimbo wa gitaa la kawaida wenye ladha ya muziki wa kijijini, unaomsimulia msafiri wa anga anayerudi nyumbani akidhani umepita mwaka mmoja, kumbe duniani imepita miaka mia. Kadiria uchungu wa hadithi hiyo, kisha kumbuka kwamba imetoka kwa mtu aliyeisoma nadharia ya Einstein darasani.

Na hasira? Hasira ndiyo ilifungua albamu. Wimbo wa kwanza, Death on Two Legs, ni shutuma ya Mercury kwa meneja wa zamani. Hamtaji jina, lakini maneno ni makali kiasi kwamba wenzake wenyewe walishtuka. Norman Sheffield alijitambua humo, akafungua madai ya kashfa, na jambo likamalizwa nje ya mahakama kwa malipo. Kwa hiyo hata wimbo wa kulalamikia dhuluma uliwatoa fedha.

Sasa tuje kwenye Bohemian Rhapsody. Mercury alikuwa na vipande vyake kwa miaka mingi. Alimpigia Baker sehemu ya mwanzo kwa piano nyumbani kwake, kisha akasimama na kumwambia kwamba hapa ndipo opera inapoingia. Baker, aliyewahi kufanya kazi na waimbaji wa opera katika kampuni ya Decca, alicheka akidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Kurekodi kulichukua wiki tatu hivi. Ile sehemu ya kwaya iliyodhaniwa itakuwa fupi ilikuwa ikirefuka kila siku, maana kila Baker alipofikiri imekamilika Mercury aliingia na kipande kingine cha kuongeza.

Inafaa kueleza kazi hiyo ilivyofanyika, kwa kuwa leo kompyuta ya kawaida huimaliza kwa dakika chache. Utepe wa studio wakati ule ulikuwa na njia 24, yaani ungeweza kubeba sauti 24 zilizorekodiwa mbalimbali. Waimbaji walikuwa watatu tu: Taylor kwa sauti za juu kabisa, Mercury katikati, May chini. Walisimama mbele ya maikrofoni saa kumi hadi kumi na mbili kwa siku. Waliimba mstari mmoja, wakaurudia, wakaurudia tena, kisha fundi akazikusanya sauti hizo zote na kuzihamishia kwenye njia moja au mbili ili nyingine ziwe wazi, nao wakaanza upya. Inahesabiwa kwamba tabaka za sauti zilifika karibu 180. Kila utepe unapopita kwenye mashine hupoteza chembechembe za ile rangi ya chuma inayoshika sauti. Walipouinua kwenye mwanga waliona upande wa pili. Utepe ulikuwa umebakia kama nailoni. Ungepitishwa mara nyingine chache, huenda sauti zote zingefutika.

Wimbo uliokamilika ulikuwa wa dakika tano na sekunde 55. Redio za wakati ule zilitaka dakika tatu. EMI walitaka ukatwe. Reid amesimulia kwamba alipomsikilizisha Elton John, naye alisema hautapigwa redioni kamwe. Bendi ilikataa kuukata hata sekunde moja, na hapo akatokea mtu ambaye historia ya albamu hii isingekamilika bila yeye: Kenny Everett, mtangazaji wa Capital Radio ya London na rafiki wa Mercury. Alipewa nakala kwa sharti asiipige hewani. Alianza kupiga vipande, akijifanya mkono umeteleza, kisha akaupiga wote, na mwishoni mwa juma lile akaupiga mara 14. Jumatatu wasikilizaji walikwenda madukani kuuliza santuri ambayo ilikuwa bado haijatoka.

Ilitoka tarehe 31 Oktoba 1975. Bendi ilikuwa inaelekea kwenye ziara na isingeweza kufika kwenye kipindi cha televisheni cha Top of the Pops, na tena isingewezekana kuigiza mbele ya kamera sehemu ile ya kwaya bila kuchekesha. Kwa hiyo tarehe 10 Novemba, katika studio za Elstree walikokuwa wakifanya mazoezi, mwongozaji Bruce Gowers aliwapiga filamu kwa saa chache. Nyuso nne gizani, mwanga kutoka juu, zikizidishwa na kioo cha lenzi. Gharama haikufika pauni 5,000. Filamu za nyimbo zilikuwepo kabla ya hapo, lakini baada ya hiyo kampuni za muziki zilianza kuzichukulia kuwa sehemu ya lazima ya kuuza wimbo. Tarehe 29 Novemba Bohemian Rhapsody ulishika namba moja Uingereza na kukaa wiki tisa, hadi ABBA walipoung'oa kwa Mamma Mia mwishoni mwa Januari. Nakala zilizouzwa nchini humo zilikuwa zimepita milioni moja. Albamu yenyewe ilipanda hadi namba moja mwezi Desemba, ya kwanza ya Queen kufika hapo, na Marekani ikafika namba nne.

Wahakiki waligawanyika. Magazeti ya muziki ya London yalikuwa yameshawazoea Queen kama watu wa kujivuna, na mwandishi wa Melody Maker aliufananisha wimbo ule na kikundi cha opera cha watu wasio na ujuzi kutoka kitongoji cha London. Wengine walisifu ustadi huku wakilalamika kwamba albamu imejaa mno, mitindo imechanganywa bila mpango: jazi, opera, roki nzito, nyimbo za kumbi za kizamani, na mwisho kabisa wimbo wa taifa wa Uingereza kwa gitaa. Lawama hiyo haikuwa ya kijinga. Albamu hii ina nyimbo mbili tatu ambazo zingeachwa na hakuna angezililia. Sweet Lady ni mmojawapo. Lakini wahakiki hao walisikiliza wakitafuta ukweli wa aina moja tu, ule wa mtu mwenye gitaa na machungu ya mtaani, na hawakuona kwamba mapambo haya yote yalitoka kwenye shida ya kweli.

Wasikilizaji hawakuhitaji kuelezwa. Katika ukumbi wa Hammersmith, London, mkesha wa Krismasi 1975, BBC ilitangaza onyesho lao moja kwa moja. Septemba 1976 walipiga bure Hyde Park mbele ya watu wanaokadiriwa kufika 150,000. Mwaka 1977 tasnia ya santuri ya Uingereza iliutangaza Bohemian Rhapsody kuwa mmoja wa nyimbo mbili bora za miaka 25 iliyopita. Na wakati Queen walipofika Argentina na Brazili mwaka 1981, watu zaidi ya laki moja katika uwanja wa Morumbi, São Paulo, waliimba Love of My Life kwa Kiingereza, wakati Mercury amekaa kimya akiwasikiliza. Huo haukuwa hata wimbo uliotolewa peke yake mwaka 1975.

Fedha zikaja, na pamoja nazo ugomvi mpya. Upande wa pili wa santuri ndogo ya Bohemian Rhapsody uliwekwa wimbo wa Taylor, I'm in Love with My Car. Kwa sheria za mirabaha, mwandishi wa upande wa pili alilipwa sawa na wa upande wa kwanza, kwa kuwa mnunuzi hakuweza kununua upande mmoja. Kwa hiyo Taylor alivuna sawa na Mercury kwa kila nakala. Manung'uniko hayo yalidumu miaka. Mwaka 1989, katika albamu ya The Miracle, waliamua kwamba kuanzia hapo kila wimbo utaandikwa jina la wote wanne na mapato yatagawanywa sawasawa. Naliona hilo kuwa jambo la busara kuliko yote waliyowahi kuyafanya nje ya studio, ingawa walichelewa miaka 14.

Mercury alifariki dunia London tarehe 24 Novemba 1991 kwa maradhi yatokanayo na UKIMWI. Desemba hiyo Bohemian Rhapsody ulitolewa tena, mapato yakaenda kwa shirika la Terrence Higgins linalosaidia waathirika wa ugonjwa huo, na ukarudi namba moja kwa wiki tano. Mwaka uliofuata, baada ya kutumika katika filamu ya Wayne's World, ulifika namba mbili Marekani, juu zaidi ya ulikofika mara ya kwanza. Mwaka 2018 filamu ya maisha ya Mercury iliyobeba jina la wimbo huo ilijaza kumbi dunia nzima, na mwaka huohuo albamu ikaingizwa katika orodha ya heshima ya tuzo za Grammy. Septemba 2023, nyumba ya mnada ya Sotheby's iliuza karatasi alizoandikia Mercury rasimu ya maneno, kwenye makaratasi ya shirika moja la ndege, ambako jina la kwanza alilolifikiria, Mongolian Rhapsody, limekatwa kwa kalamu. Zilinunuliwa kwa takriban pauni milioni 1.38. Mtu aliyenyimwa piano mwaka 1975 alikuja kununua yake mwaka huohuo, na piano hiyo iliuzwa katika mnada uleule kwa zaidi ya pauni milioni 1.7.

Unguja ilichelewa kumkumbuka, na haikumkumbuka kwa kauli moja. Mwaka 2006, sherehe iliyopangwa katika mkahawa mmoja wa ufukweni kuadhimisha miaka 60 tangu azaliwe ilifutwa baada ya kupingwa na jumuiya ya Uamsho, iliyosema maisha yake hayaendani na maadili ya visiwa. Mwaka 2019 jumba dogo la makumbusho yake lilifunguliwa Shangani, na watalii hupiga picha mlangoni kila siku. Yeye mwenyewe alizungumza kidogo sana hadharani kuhusu alikozaliwa.

Kuna jambo moja ningeomba. Wengi wetu Afrika Mashariki tunamjua Mercury kwa nyimbo mbili tatu za viwanjani na kwa ile picha ya mlangoni Shangani. Tenga dakika 43, uisikilize A Night at the Opera kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa 12, kwa mpangilio waliouweka wao, bila kurukia ule unaoujua. Usipoweza yote, anza na upande wa pili, kwenye The Prophet's Song, na uongeze sauti ala zitakaponyamaza.